Barua ya wazi kwa wanaogawa barabara: uchache wetu mliutengeneza ninyi

Kwa: Waheshimiwa Mawaziri wa TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), Ujenzi na Uchukuzi, Mtendaji Mkuu wa TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), Mkuu wa Mkoa wa Njombe, Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Ludewa.

YAH: USAFIRI KATIKA VIJIJI VYA MWAMBAO WA ZIWA NYASA, WILAYA YA LUDEWA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kila tunapouliza habari ya barabara, jibu ni lilelile hata likibadilishiwa maneno: ninyi ni wachache. Tumelisikia kwenye mikutano ya hadhara, mara kwa upole, mara kwa ukali. Fedha ni ndogo, mtandao ni mkubwa, kwa hiyo ni lazima kuanza penye watu wengi. Ukilisikia kwa haraka unaona ni jibu la haki. Mimi nimeishi nalo muda mrefu, na naandika kuwaambia kwamba linaanzia mwisho. Kijiji hakikupungukiwa watu ndipo kikakosa njia. Kilikosa njia, na watu wakaondoka mmoja mmoja, na leo pengo walilotuachia ndilo linalotumika kutunyima njia.

Kwa asiyefika kwetu, nieleze kidogo. Milima ya Livingstone inashuka hadi majini karibu bila kuacha nafasi. Uso wa ziwa uko takriban mita 474 juu ya usawa wa bahari, na vilele vilivyo nyuma ya migongo yetu vinapita mita 2,000. Kati ya ziwa na ukuta huo kuna vitambaa vyembamba vya ardhi tambarare pale mito inapomwaga mchanga wake, na hapo ndipo vijiji vilipo: Lumbila, Kilondo, Makonde, Lifuma na vingine kati yake, kuanzia upande wa Matema kule Kyela hadi Lupingu. Tunalima mihogo, tunavua usipa na mbasa, na kina mama wa Kikisi wanafinyanga vyungu vinavyouzwa mnadani Lyulilo, Matema. Kutoka kijiji kimoja kwenda cha jirani ni mtumbwi, boti ya injini, au njia ya miguu inayopanda na kushuka miamba. Kwenda makao makuu ya wilaya ni kusubiri chombo hadi Lupingu na kupanda mlima kutoka hapo, au kuupanda mlima kwa miguu tangu nyumbani ukiwa na mzigo kichwani.

Najua kuna vipande vilivyochongwa kutoka juu kushuka ziwani, na vijiji vilivyofikiwa vimeshukuru. Lakini kipande kinachochongwa kiangazi bila mitaro wala kalavati hudumu hadi masika. Mvua ya kwanza kubwa inapasua katikati ya njia, ya pili inashusha mawe, na mwaka unaofuata mnaandika tena kwenye taarifa kwamba barabara imefunguliwa.

Sasa tuzungumze kuhusu idadi, maana ndiyo lugha mnayotujibu nayo.

Sensa ya mwaka 2002 iliikuta Wilaya ya Ludewa na watu 128,520. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta na watu 133,218. Katika miaka hiyo kumi, Tanzania nzima ilitoka watu milioni 34.4 ikafika milioni 44.9. Taifa liliongezeka kwa asilimia 30, na wilaya yetu haikufika hata asilimia 4. Hizo ni takwimu za wilaya nzima, milimani na ziwani pamoja. Je, wanawake wa Ludewa waliacha kuzaa? Hawakuacha. Watoto walizaliwa, wakasoma wakasomeka, wakaondoka.

Sitadai kwamba njia ndiyo sababu pekee. Mkoa wa Njombe uliumizwa vibaya na UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011-12 uliukuta na maambukizi ya asilimia 14.8 kwa watu wazima, ya juu kuliko mkoa mwingine wowote. Tumezika watu wa rika zote za kufanya kazi. Lakini hata hapo naomba mfikirie maana ya kuanza dawa za kufubaza virusi mahali ambapo kliniki yenye huduma hiyo iko ng'ambo ya maji yenye mawimbi. Dawa zinataka mtu asikose tarehe. Ziwa halijui tarehe ya mtu. Kuanzia Mei hadi Agosti, mwera unapovuma kutoka kusini-mashariki, kuna siku ambazo hata nahodha mzoefu anavuta boti yake nchi kavu na kukaa. Mgonjwa aliyekosa dawa kwa sababu ya mwera anaandikwa kwenye daftari kuwa mtoro.

Na sensa yenyewe inahesabu vipi? Inahesabu watu pale walipolala usiku mmoja. Mwaka 2022 ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Siwalaumu makarani, walipita kote kwa taabu kubwa na wengine walitapika kwenye boti zetu. Ninachosema ni kwamba usiku ule vijana wetu wengi walikuwa kwenye mashamba ya chai na ya miti huko Njombe, au kwenye kakao na mpunga wa Kyela. Wajawazito waliokaribia kujifungua walikuwa wamekwishatangulia kwa ndugu walio karibu na hospitali, kwa sababu mwenye akili hasubiri uchungu umkute huku. Wanafunzi wa sekondari za bweni walilala bwenini. Wote hao wana nyumba kwetu, wana makaburi ya wazee wao kwetu, na wanatuma fedha kwetu. Walihesabiwa penye lami. Kisha mkachukua idadi iliyobaki, ya wazee na wanawake wenye watoto wadogo, mkasema: hapa hakuna watu wa kutosha.

Kipimo chenu cha pili ni kilomita. TARURA, tangu ilipoanzishwa mwaka 2017, inasimamia mtandao unaozidi kilomita 144,000, nyingi zikiwa za udongo, na siionei wivu kazi hiyo. Fedha za matengenezo zinafuata barabara zilizo kwenye orodha: za mkusanyo, za mlisho, za jamii. Barabara isiyo kwenye orodha haina fungu. Sasa kijiji ambacho hakijawahi kuchongewa barabara kina kilomita ngapi kwenye orodha? Sifuri. Na sifuri ukiizidisha kwa bajeti ya namna gani utapata nini? Njia zetu za miguu, ambazo watoto wanapita kwenda shule na ambazo wagonjwa wanabebwa kwa machela, hazimo katika hesabu ya mtu yeyote. Hakuna mhandisi aliyetumwa kuzikagua wala fungu la kutengeneza hata mita mia moja pale mwamba ulipobomoka.

Hapa kuna jambo linaloniuma zaidi ya yote, na naomba Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana alisome mara mbili. Mwaka 2021 Serikali iliongeza tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini. Wabunge walieleza kwamba vijiji vimesahaulika, na sisi tuliunga mkono. Mvuvi wa mwambao anapojaza petroli kwenye injini ya boti yake analipa tozo hiyo kama dereva wa lori. Analipa zaidi kwa hakika, maana mafuta hadi yatufikie yamepanda chombo na bei nayo imepanda. Kila mama anayelipa nauli ya boti kwenda Lupingu amelipia ndani yake barabara ya mtu mwingine. Tumechangia ujenzi wa barabara za vijijini nchi nzima kwa kuchoma petroli juu ya maji, kwa sababu hatuna barabara ya kuichomea.

Mwaka huohuo wa 2021 kila jimbo la uchaguzi lilipewa shilingi milioni 500 za barabara. Ulikuwa uamuzi mwema, na ulionyesha kwamba mnaweza kugawa bila kuuliza kwanza watu wako wangapi. Lakini milioni 500 katika jimbo la tambarare zinafika mbali. Katika jimbo lenye milima kama yetu zinaishia kwenye kona chache za juu, kabla maji ya ziwa hayajaonekana. Mgawo sawa kwa sura za nchi zisizo sawa unamwacha nyuma yuleyule aliyekuwa nyuma.

Wataalamu wenu wanakijua kipimo cha dunia cha jambo hili: ni asilimia ngapi ya watu wa vijijini wanaoishi ndani ya kilomita mbili kutoka barabara inayopitika mwaka mzima. Kimo hata kwenye Malengo ya Maendeleo Endelevu. Tathmini ya Benki ya Dunia iliyotolewa mwaka 2016 iliiweka Tanzania karibu na asilimia 25, wakati Kenya na Uganda zilikuwa zaidi ya nusu. Nepal nayo, nchi ambayo karibu yote ni milima, ilikuwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo milima peke yake haiwezi kuwa jibu. Nepal ilijenga maelfu ya madaraja ya waenda kwa miguu yanayoning'inia kwa kamba za chuma, yakivuka makorongo ambayo gari halitayavuka hata miaka hamsini ijayo. Walikubali kwamba mtu anayetembea naye ni msafiri.

Na ninaomba kipimo hicho kisitumiwe kwetu kwa rula ya ramani. Kuna nyumba za mwambao ambazo ukipima moja kwa moja angani haziko mbali na barabara iliyo juu mlimani. Kati ya nyumba hiyo na barabara hiyo kuna ukuta wa zaidi ya kilomita moja kwenda juu. Kompyuta inasema wamefikiwa. Aliyewahi kumbeba mgonjwa pale anajua ukweli.

Nizungumzie uzazi, kwa sababu hapo ndipo watu wetu wanapopotea kabla hata ya kuhesabiwa. Taifa limepiga hatua ambayo kila mwenye mama anapaswa kuifurahia: vifo vya wajawazito vilivyokuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015-16 vilishuka hadi 104 katika utafiti wa mwaka 2022. Mfumo wa m-mama umesaidia. Unapiga 115 bila malipo, na kama gari la wagonjwa liko mbali anatafutwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, anampeleka mama na analipwa. Ni mpango mzuri sana. Kwetu lakini simu ikipokelewa swali linalofuata ni: gari lifike wapi? Na usiku ziwa likiwa limechafuka, familia inakaa ufukweni ikimshika mama mikono, nahodha anatazama mawimbi, wazee wanamwangalia nahodha. Uamuzi huo haupaswi kuachiwa mvuvi. Akikataa, anaweza kupoteza mama mmoja. Akikubali, anaweza kupoteza watu sita. Nimewaona wanaume wenye nguvu wakilia kwa uamuzi wa namna hiyo, na baada ya hapo wake zao ndio waliokuwa wa kwanza kusema tuhame.

Hivyo ndivyo kijiji kinavyopungua. Hakuna anayeondoka kwa siku moja ya hasira. Mwalimu kijana anapangiwa shule yetu, anaripoti, anakaa hadi mshahara wake unapomlazimu kusafiri kwenda benki na kurudi kwa siku kadhaa, anaomba uhamisho. Shule inabaki na walimu wachache, matokeo yanashuka, mzazi anayejiweza anampeleka mtoto kwa shangazi mjini. Ruzuku ya shule inafuata idadi ya wanafunzi, kwa hiyo nayo inapungua. Mwenye duka anaona wateja wamepungua. Mfuko wa saruji unaposhushwa melini, ukaingizwa kwenye mtumbwi, ukabebwa kichwani hadi kiwanjani, bei yake inamfanya kijana aahirishe kujenga, na kijana asiyejenga haoi nyumbani. Kila mmoja ana sababu yake, na sababu zote ukizifuata zinaishia kwenye njia.

Wapo wanaotushauri kuhamia juu, kwenye barabara. Ushauri huu si mgeni nchini. Katika miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, mamilioni ya watu walihamishwa ili wawe karibu na huduma. Nauheshimu ulivyokusudiwa. Lakini mvuvi ukimpandisha mlimani umemwondolea kazi, na ardhi ya huko juu ina wenyewe. Ziwa hili linalisha Ludewa, Makete na Njombe. Usipa unaouzwa kwenye masoko ya milimani unatoka mikononi mwa watu hawa mnaowaita wachache. Tukiondoka sote, soko hilo litalishwa na nani?

Wala msituambie haiwezekani kujenga kwenye milima ya Ludewa. Mmekwishajenga. Kipande cha Lusitu hadi Mawengi, kilomita 50, katika barabara ya Itoni–Ludewa–Manda, kimemwagwa zege kwa sababu udongo na mvua ya huku havikubali kitu dhaifu. Kazi nzuri, na tunaipita kwa fahari tunapofanikiwa kufika huko. Tunajua pia kwamba barabara hiyo ilipewa uzito kwa sababu ya makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Sipingi. Nasema tu kwamba pale hamkusubiri magari yawe mengi ndipo mjenge. Mlijenga ili magari yaje. Tunaomba mantiki hiyohiyo itumike kwa watu.

Hatuombi lami ya mwambao mzima kesho asubuhi. Barabara ya pwani ya ziwa kutoka Matema hadi Lupingu tunaitaka, na tunaomba usanifu wake uanze na gharama yake ijulikane hadharani, ili wajukuu wetu wasiendelee kuambiwa ni ghali bila kuambiwa ni shilingi ngapi. Wakati hilo likisubiri, yapo mambo ambayo hayahitaji matrilioni.

La kwanza kabisa ni magati. MV Mbeya II, iliyojengwa Itungi kule Kyela kwa uwezo wa abiria 200 na tani 200 za mizigo, ni ukombozi kwetu ikiwa inatembea. Lakini penye kijiji kisicho na gati meli hutia nanga kando, na abiria wanashushwa kwenye mitumbwi katikati ya mawimbi, bibi vizee, watoto wachanga, magunia na mbuzi pamoja. Wekeni magati madogo katika vijiji vinavyotumiwa na watu wengi zaidi. Meli ikienda matengenezo, tangazo litolewe mapema kwenye ofisi za vijiji na chombo mbadala kipangwe. Tunachoomba ni ratiba inayoweza kuaminiwa, hata kama ni ya safari chache. Mwenye usipa mkavu akijua siku ya meli atapanga mzigo wake. Asipojua, anamuuzia mlanguzi aliyekuja na boti yake kwa bei ya mlanguzi.

Kisha njia za miguu ziingizwe kwenye orodha yenu kama miundombinu, zipewe fungu dogo la kila mwaka, na kazi ifanywe na vikundi vya vijiji vyenyewe kwa malipo. Mawe tunayo. TARURA imejenga madaraja ya mawe katika mikoa kadhaa, ilianza Kigoma, na yameonekana kuwa nafuu kuliko ya zege. Hakuna mahali penye mawe na makorongo kama kwetu, na wapo mafundi wa uashi wanaohitaji kazi. Leteni mhandisi mmoja wa kukaa nao msimu wa kiangazi.

Na 115 isajili manahodha. Kila kijiji cha mwambao kiwe na boti iliyokaguliwa, yenye makoti ya kuokolea maisha, mafuta ya akiba yasiyoguswa na nahodha anayelipwa kama anavyolipwa dereva wa jamii. Zahanati ziwe na nyumba ya wajawazito kusubiria, ili safari ifanyike mchana na ziwa likiwa limetulia.

Mwisho, tunaomba mbadili swali kwenye jedwali lenu la vipaumbele. Pamoja na kuuliza barabara itahudumia watu wangapi, ulizeni pia watu hao wana njia nyingine ngapi. Kijiji cha watu 5,000 chenye barabara mbili mbovu na kijiji cha watu 1,200 kisicho na hata moja havipaswi kupangwa kwa namba ya kwanza peke yake. Wekeni safu hiyo moja kwenye jedwali, kisha angalieni mwambao wa Ludewa utakaa mstari wa ngapi.

Tunaomba majibu ya barua hii yaletwe kwa maandishi katika ofisi za kata za mwambao kabla bajeti ijayo haijasomwa Dodoma, yabandikwe kwenye mbao za matangazo, na yaeleze gati lipi linaanza, fedha zake zinatoka fungu lipi na nani atawajibika. Atakayeyaleta asije na helikopta. Aje na boti kutoka Lupingu, mwezi wa sita, na tutampokea kwa usipa na ugali wa muhogo, tumwonyeshe njia zote kwa miguu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, Ludewa